Aliniacha Ili Nizae

Mume wangu wa kwanza alikuwa fundi wa masofa Keko. Ukimfuata kazini mchana utamkuta kakaa chini, misumari midogo kaibana midomoni, mkono mmoja unavuta kitambaa na mwingine umeshika nyundo. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mie nilikuwa nikimtania kwamba ni hiyo misumari ndiyo iliyomfundisha kunyamaza.

Tulijuana Tandale, sokoni, kwenye kizimba cha mama yangu cha mchele na maharage. Yeye alikuja kununua magunia matupu. Sofa nyingi, chini ya kile kitambaa kizuri, zimewambwa gunia. Akawa anakuja kila wiki, hata wiki ambazo hakuhitaji magunia, mpaka mama akaniuliza huyu kijana ana sofa ngapi huko kwao. Tukaoana. Tukapanga vyumba viwili Mtoni, jirani kabisa na nyumba ya mama yake.

Mama mkwe alikuwa mjane, mwanamke wa pwani hasa, msafi, mwenye sauti ya kuamrisha. Ndoa yake mwenyewe alipenda kuisimulia. Yeye na marehemu mumewe walikuwa mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Walicheza pamoja utotoni, wakapendana wakubwa, na wazee wakafurahi kwamba mali na damu vinabaki nyumbani. Kila akisimulia hayo alikuwa akitabasamu na kuchezea pindo la mtandio wake.

Mwaka wa kwanza wa ndoa watu walituombea dua. Wa pili wakaanza kuniangalia tumbo kabla ya kunipa mkono. Kuanzia hapo nikawa wa kupelekwa huku na huku. Nilikunywa mizizi iliyochemshwa, nilifukizwa, nilichomwa sindano kliniki, nililetewa mama mmoja wa kukanda ambaye alisema kizazi changu kimegeuka. Hakuna aliyemtazama mume wangu. Alikuwa na nguvu, ana ndevu, anabeba sofa la watu watatu mgongoni. Mie mwenyewe sikumfikiria.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenifumbua macho. Nilikuwa nimekwenda kwa mara nyingine tena, akafungua faili langu, akasoma, akasema, "Dada, wewe vipimo vyako vyote viko sawa. Mumeo kashapima?"

"Hapana."

"Basi mwambie aje. Bila hivyo tutakuwa tunakuchoma sindano bure."

Niliogopa kumwambia. Nilisikia wanaume wengine wanapiga, wengine wanatoweka. Nilipomwambia, tukiwa tunakula, yeye aliweka chini kijiko, akatafuna alichokuwa anacho mdomoni, akasema, "Kumbe kuna kipimo cha wanaume? Kesho naenda."

Pale hospitali walimpa kikopo cha kutilia mbegu zake na kumwonyesha chumba kidogo chenye feni mbovu, na nje ya mlango akina mama wamepanga foleni na watoto wao. Hakuweza. Alitoka kichwa chini. Mtu wa maabara, kijana mpole, akatuambia tufanyie nyumbani, ila kikopo kifike upesi na kisipate baridi, kikae karibu na mwili wa mtu.

Kwa hiyo nilikibeba mie. Nilikitia ndani ya sidiria, juu yake nikavaa baibui, nikapanda bajaji na kumwambia dereva aende haraka lakini asinirushe. Njia nzima nilibana mkono kifuani. Kila tukipita shimo nilikuwa nasema moyoni, tulieni, tunafika. Nilizungumza nao kabisa, kama watu. Nilishawapa sura. Mmoja ana nyusi za baba yake.

Kijana wa maabara alikaa sana na darubini yake. Akaomba nisubiri, akaitia sampuli kwenye mashine ya kuzungusha ili chochote kilichomo kikae chini, akatazama tena. Alisema tu turudi pamoja kwa daktari. Tukarudia kipimo baada ya muda, nikabeba kikopo vilevile kifuani, na jibu likawa lilelile. Hapakuwa na mbegu hata moja. Mara ile ya pili, wakati wa kurudi nyumbani, nilihisi pale kifuani panauma, na hapakuwa na jeraha.

Daktari alikuwa mtu wa bara, wa makamo, anazungumza taratibu na anamwita mume wangu "kaka". Alimpima homoni kwenye damu, zikawa sawa. Akampiga picha ya korodani, zikawa sawa, njia haijaziba. Mwisho akakata kipande kidogo cha nyama ya korodani ili wazitazame seli zenyewe. Mume wangu alitembea miguu imeachana kwa siku kadhaa, na kule Keko akasema ameangukiwa na fremu ya kitanda.

Siku ya kupewa jibu tulikaa wote wawili mbele ya meza ya daktari. Nilishika kiti chake kwa nyuma, sikutaka kumshika mkono mbele ya mtu.

"Kaka," daktari akasema, "mbegu haiji hivihivi. Inaanza ikiwa seli ya kawaida, inagawanyika, inapunguzwa, inapewa kichwa, inapewa mkia. Ni safari ndefu. Zako zinaanza safari vizuri tu. Zikifika katikati zinasimama. Halafu zinakufa."

"Zinasimama kwa nini?"

"Kila seli mwilini mwako ina maelekezo yote ya kumtengeneza mtu. Hayo maelekezo ndiyo tunaita jeni. Lakini seli haisomi yote kwa pamoja. Ya jicho inasoma ya jicho. Na humu kwenye korodani kuna maelekezo yanayosomwa humu tu, tena kwa zamu. Hili likishasomwa linafungwa, linafunguliwa lingine. Sasa kuna jeni ambazo kazi yake ni hiyo tu, kuwasha na kuzima nyingine kwa wakati wake. Mie naona kwako mojawapo ya hizo haifanyi kazi. Seli inafika mahali inangoja iambiwe endelea, na hakuna wa kuiambia."

"Kwa hiyo mafundi wapo kazini," mume wangu akasema, "fremu zimepigwa, ila hakuna anayesema leteni sponji."

"Ni hivyo."

"Na dawa yake?"

Daktari alivua miwani. Alisema kuna wanaume ambao tatizo lao ni homoni, hao anawatibu. Kuna ambao njia imeziba, hao mbegu zinatolewa kwa sindano na kuunganishwa na yai maabara. "Kwako hakuna cha kutoa, kaka. Nisingependa nikudanganye halafu ukauze vitu vyako ukizunguka kwa waganga."

Kisha akauliza kama wazazi wake wana undugu. Mume wangu akasema ndiyo, ni binamu. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akilitegemea jibu. Akaeleza kwamba jeni moja mtu anapata nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na moja mbovu hujui kitu, nzima inafanya kazi ya zote. Katika ukoo mmoja ile mbovu inaweza kuwa kwa wengi bila kujulikana. Baba anayo moja, mama anayo moja, na mtoto mmoja kwa bahati mbaya anapewa zote mbili. Alimtoa damu nyingine ya kupelekwa ng'ambo kwa watu wanaozitafuta jeni hizo, akatuonya kwamba jibu linaweza kuchukua miaka, au lisije kabisa, na hata likija halitaleta mtoto.

Tulipotoka nje mume wangu alisimama kwenye kivuli cha ukuta. "Mama asijue," akasema. "Hadithi yake ni ile moja tu, ya ndoa yao."

Nikakubali. Nilikubali kwa moyo wangu wote, na sikujua ninakubali nini. Maana yake ilikuwa niendelee kuwa mie mwenye tatizo. Kwenye shughuli za watu niliendelea kuketishwa mbali na mwari, na shangazi mmoja wa mume alikuwa hanipi mtoto wake mchanga nimbebe. Mama mkwe akawa ananitembelea na chupa za dawa. Nilizimwaga chooni na kuosha chupa. Jioni mume wangu alikuwa ananikanda miguu bila kuambiwa, na ndivyo tulivyoishi miaka miwili, na naweza kusema, watu wakitaka kuamini, kwamba miaka ile miwili tulipendana kuliko mwanzo.

Iliharibika alasiri moja ambapo mama mkwe alimleta tena yule mama wa kukanda. Nililazwa kwenye mkeka, nikakandwa mpaka nikalia kwa sauti. Mume wangu alikuwa amerudi mapema kwa kukosa umeme kazini. Alisimama mlangoni na vumbi la sponji kwenye nywele.

"Mama, mwacheni," akasema. "Mwambie huyu mama aondoke."

Yule mama akafunga mafuta yake, akaondoka. Mama mkwe akabaki kakaa, kakunja uso.

"Tatizo si lake," mume wangu akasema. "Ni langu mimi. Nimepimwa zamani. Ni jeni."

"Jini?" Mama mkwe akainuka magoti. "Nilijua mie. Nilijua kuna mtu kakutupia. Jini gani, wa bahari?"

"Si jini, mama. Jeni. Kitu kilichomo kwenye damu. Cha kurithi."

Nilimwona akilitafuta lile neno usoni mwa mwanawe. Hakuwa mjinga. "Umerithi kwa nani?" akauliza. "Kwa baba yako?"

Mume wangu akajipangusa vumbi la sponji kichwani.

"Kwangu?"

"Kwenu wote wawili, mama. Kwa sababu nyie ni wamoja."

Chai ilikuwa mezani, imepoa na utando juu. Mama mkwe alichukua baibui lake, akalivaa kwa shida, mkono haukuliona tundu lake, nikaenda kumsaidia. Akatoka bila kuaga. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu, lakini tulimsikia anasimama njiani, anaendelea, anasimama tena.

Hakuja kwetu kwa muda mrefu. Ile hadithi ya ndoa yake sikuisikia tena kutoka siku ile. Alipokuja, alinikuta nafua uani. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanishika mikono yangu yenye povu, akasema, "Mwanangu, nisamehe. Nimekunywesha uchungu wangu mwenyewe." Nikamwambia nimeshasamehe. Nilimaanisha. Akalia, nami nikalia, na nikafikiri sasa tutakaa kwa amani, sie watatu, tumelingana.

Kumbe yeye alikuwa amefikiri zaidi yangu. Alimwambia mwanawe kwamba ni dhambi kumfunga mtoto wa watu kwenye nyumba isiyo na mtoto, wakati mwanamke mwenyewe ni mzima na umri unakwenda. Alisema amwache aende akazae. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Nilichoona mie ni mume wangu kupungua. Alikuwa anakula nusu ya chakula. Ananitazama nikigeuka, nikimtazama anainama. Nilidhani anaumwa.

Ijumaa moja tulikwenda kwa mama yangu Tandale. Mie nilikaa uani nachambua mchele kwenye ungo, naongea na jirani. Ndani walikuwa yeye, mama yangu na mjomba, ambaye sikujua kwa nini ameitwa. Mjomba akaniita. Nilipoingia nikaona mama yangu amejifunika mdomo na kanga.

"Mumeo ana neno," mjomba akasema.

Mume wangu hakuwa na misumari mdomoni siku ile lakini aliongea kama anayo. "Sina ubaya naye. Hajanikosea kitu chochote. Namwacha ili azae. Nimempa talaka moja."

Nilikuwa bado nimeshika ungo. Nakumbuka niliuweka chini polepole sana nisimwage mchele. Nikamwambia, "Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Mjomba akasema jambo limekwisha kusemwa. Mama yangu akanivuta nikae. Yule mwanaume akasimama, akamshika mjomba mkono, akatoka, akakosea viatu, akarudi kubadilisha.

Talaka moja ina mlango. Mtu anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha. Nilikaa eda kwa mama yangu na masikio yote yako kwenye ule mlango. Aliniletea unga, sukari, mafuta, kama inavyompasa, lakini alikuwa anamkabidhi mama yangu nje na kuondoka. Mara moja tu nilimwahi. Nilimwambia aingie, akaingia, akakaa pembeni ya kiti kama mgeni.

"Unakula?" akaniuliza.

"Nirejee," nikasema. "Tutamlea mtoto wa dada yako. Ana watano."

"Mtoto wa dada ana mama yake. Ataitwa kwao siku yoyote."

"Basi tutakaa hivihivi wawili."

"Leo unasema hivyo. Utakapokuwa umefikia umri wa kutoweza kuzaa, utanitazama nimelala na utanichukia. Mie sitaweza kuvumilia hilo jicho."

"Wewe unaliona hilo jicho, mie sijakutazama nalo."

Halafu akasema kitu ambacho sijawahi kukisahau. "Mie nikikuona tu naona mtoto ambaye hayupo. Hebu nipumzike na mie."

Hapo nikamwacha aende. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na huruma yake. Huo uchovu wake sikuwa nimeujua. Nilimtaka yeye, na nilitaka mtoto pia, siwezi kusema sikutaka. Lakini ningependa kuchagua mwenyewe kipi nikikose. Walinichagulia watu wawili walionipenda, kila mmoja akidhani ananifanyia wema. Ningekuwa nimefukuzwa kwa ubaya ningekuwa na wa kumlaumu. Mie sikuwa na mtu. Eda ikaisha, nikarudi kizimbani kupima maharage.

Baada ya miaka michache nikaolewa na mwanaume wa Chanika aliyefiwa na mkewe. Ni mtu wa bustani, analima mchicha na matembele na kuuza kwa wachuuzi, na nyumba yetu inapanda tofali kwa tofali kila mvua zikipita. Ni mtu mwema. Sikukaa sana nikapata mimba, na nikajifungua mtoto wa kike.

Mtoto akiwa na siku arobaini, mama mkwe wangu wa kwanza akaja. Sijui nani alimwelekeza. Alishuka kwenye bodaboda akiwa amechoka, mikononi ana doti ya kanga na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe. Akaomba maji ya moto, akamwogesha mtoto kwenye beseni, akamnyoosha, akampaka mafuta, anamwimbia. Alifanya kazi yake vizuri sana. Alipomaliza kumvika alimkumbatia, akasema polepole, si kwangu, "Huyu ningekuwa bibi yake." Mume wangu huyu wa Chanika alikuwa mlangoni akalisikia. Akatoka akaenda bustani.

Mama mkwe yule hakuwahi kuja tena. Alifariki mwaka uliofuata, nami nilikwenda Mtoni kwenye msiba, nikakaa na wanawake wa jikoni, nikamenya vitunguu. Mwanawe nilimwona kwa mbali, amebeba jeneza mbele. Hakuoa tena. Walisema alipelekewa mwanamke mwenye watoto wake, akakataa.

Sasa hivi mie bado nashuka Tandale siku kadhaa za wiki, maana mama amezeeka na kizimba ni changu. Mwaka huu, baada ya mvua, nilikuwa nafungua gunia la maharage nikasikia salamu. Alikuwa yeye. Ndevu zina mvi. Nilidhani amefuata magunia, nikamwambia yako nyuma.

"Sikufuata magunia," akasema. "Daktari kanipigia."

Nikamsogezea kigoda. Akaketi. Akaniambia ile damu iliyopelekwa ng'ambo imejibiwa. Wameiona jeni yenyewe. Jina lake ni herufi na namba, alinitajia, alilikariri njia nzima asilisahau. Ni ileile aliyoifikiri daktari, ya kuziambia nyingine ziendelee. Nakala zote mbili ni mbovu. Amewaambia dada zake wasiwaozeshe watoto wao ndani ya ukoo bila kwenda kupima, na mmoja amemnunia.

"Kuna dawa?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Hakuna."

Mteja alikuja, nikampimia mchele, akaenda. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilitaka nimwambie mtu," akasema. "Nikakaa nikafikiri nimwambie nani. Mama hayupo. Wewe ndiye uliyebeba vile vikopo."

Nilichukua kopo la kupimia, nikalijaza maharage, nikalimwaga, nikalijaza tena. Yeye alisubiri. Hakuwahi kuwa mtu wa kukuharakisha.

Alipoinuka alijikung'uta suruali, akaniuliza habari za mume wangu, nikasema yuko salama. Akauliza kama mtoto anasoma. Nikasema yuko darasa la kwanza.

"Kafanana na nani?"

"Na mie," nikamwambia.

Si kweli. Mwanangu ni baba yake mtupu, kuanzia paji la uso mpaka vidole vya miguu. Lakini nilipomjibu hivyo niliona bega lake limeshuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Akasema, "Alhamdulillahi, basi ni mzuri," akapita kati ya wapagazi na magunia ya viazi, akaelekea barabarani. Mteja mwingine alikuwa ameshafika, anauliza bei ya maharage ya njano.